Ufunguzi wa Paris 2024: sherehe moja, kila mtu na ya kwake

Ufunguzi wa Olimpiki ya Paris ulianza Ijumaa, Julai 26, 2024, saa moja na nusu jioni kwa saa za Ufaransa. Lubumbashi, Kigali na Bujumbura saa ilikuwa hiyo hiyo. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ilikuwa saa mbili na nusu usiku, na Muscat saa tatu na nusu. Ukaenda takriban saa nne. Aliyekesha nao Mombasa alizima runinga baada ya saa sita usiku, na asubuhi akakuta watu wanabishana mitandaoni kana kwamba kulikuwa na sherehe mbili: moja ya kustaajabisha, nyingine ya aibu na iliyolowa chapachapa. Ukweli ni kwamba zote mbili zilikuwepo. Uliyoipata wewe ilitegemea ulikaa wapi, kamera ilielekea wapi, na nani alikuwa anakuzungumzia sikioni.

Kwa hiyo hapa tunaukagua ufunguzi huo kama huduma: nini kiliahidiwa, nini kilifika kwa mtazamaji, na kilichokwama kilikwamia wapi.

Ahadi ilikuwa kubwa. Hakuna Olimpiki ya kiangazi iliyowahi kufunguliwa nje ya uwanja. Wanamichezo wapatao 6,800 walipakiwa kwenye boti na meli 85, wakateremka Mto Seine kwa kilomita 6 kutoka daraja la Austerlitz hadi mbele ya Mnara wa Eiffel. Kandokando yao, kwenye kingo, madaraja na mapaa, wasanii walikuwa wakicheza na kuimba. Thomas Jolly, mwongozaji wa tamthilia za jukwaani, alikabidhiwa upande wa sanaa, naye akaugawa katika sehemu 12.

Hesabu ndiyo iliyoleta kasheshe. Ndani ya uwanja mambo huja kwa foleni: burudani kwanza, halafu gwaride la nchi, halafu hotuba, kiapo na moto. Skrini ni moja na jambo ni moja. Mtoni, gwaride na burudani vilikwenda sambamba, mahali tofauti, umbali wa kilomita. Kulikuwa na timu 205, ikiwemo ya wakimbizi, na boti 85, yaani kila boti ilibeba wastani wa timu zaidi ya mbili. Meli za Marekani na Ufaransa zilikuwa kubwa na zikapewa muda wao. Waliobaki walibanana, wakipita huku mwongozaji wa matangazo akiwahi kurudi kwa mwimbaji. Malalamiko yaliyosikika karibu kila nchi ndogo yanatoka hapa: "Tumepita lini? Mbona hatukuonekana?" Kenya ilikuwa na Ferdinand Omanyala na Triza Atuka kwenye bendera, Tanzania ilikwenda Paris na wanamichezo 7 tu, na ukiinuka kwenda kumimina chai uliwakosa wote. Uwanjani, hata nchi ya wanamichezo wawili hupata mshika bendera wake peke yake katikati ya picha. Botini mshika bendera ni kichwa kimoja kati ya vichwa vingi vyenye makoti ya mvua.

Kulikuwa na mtego mwingine uliowakamata wengi: mpangilio wa nchi ulifuata alfabeti ya Kifaransa. Ugiriki ilitangulia kama ilivyo desturi, ikafuatwa na timu ya wakimbizi, kisha orodha ikaanza. Afrika Kusini, kwa kuwa ni Afrique du Sud, ilipita mapema kabisa. Uganda ni Ouganda, basi ikangoja herufi ya O. Mwishoni kabisa zikaja nchi zitakazoandaa michezo ijayo, Australia ya 2032 na Marekani ya 2028, kisha wenyeji Ufaransa. Aliyekuwa na orodha hiyo mkononi aliweza kujipanga. Aliyekuwa anasubiri U ya Uganda alisubiri hadi Marekani ikapita.

Halafu mvua. Ilikuja mapema na haikuondoka. Athari zake kwa picha zilikuwa tatu, na si zote zilizotambuliwa na waliokuwa wakilalamika. Ya kwanza ilionekana wazi: matone kwenye lenzi, hasa kamera zilizokuwa wazi bila mtu wa kuzipangusa. Ya pili ni rangi. Tamasha lilipangwa litumie machweo ya Julai, mwanga wa dhahabu juu ya mawe ya Paris. Wingu likaufunika mwanga huo, na mavazi yaliyobuniwa kwa jua yakaonekana yamefifia mpaka giza lilipoingia na taa zikashika kazi. Ya tatu ndiyo iliyowaumiza waliotazama kwa intaneti. Video inayotumwa mtandaoni hubanwa kwa kutuma tu kile kilichobadilika kati ya picha moja na inayofuata. Ukuta haubadiliki, kwa hiyo unabanwa vizuri. Maji yanayochezacheza, mvua inayoshuka, bendera zinazopepea na umati unaotikisika vyote hubadilika kila nukta ya sekunde, kwa hiyo mfumo unaishiwa nafasi na picha inavunjika vipande vya miraba. Wengi walilaumu simu zao au kampuni ya mtandao. Mto wenyewe ndio ulikuwa mtihani: ni vigumu kubuni picha ngumu zaidi kubana kuliko mvua juu ya maji wakati wa giza.

Hata hivyo, kuna jambo moja kwenye upande wa ufundi linalostahili pongezi bila kigugumizi. Zaidi ya simu 200 za Samsung Galaxy S24 Ultra zilifungwa kwenye zile boti na kutumia mtandao wa 5G uliojengwa mahsusi kando ya mto. Ndizo zilizotuletea nyuso za wanamichezo kwa karibu, wakicheka, wakiimba, wakikamua maji kwenye kofia. Rangi za simu hizo hazikufanana sawasawa na za kamera kubwa, na jicho la mjuzi liliona mruko kila picha ilipobadilishwa. Sawa tu. Uwanjani wanamichezo huonekana kwa mbali kama gwaride la shule, na huku tuliona vijana waliofurahi kwelikweli, mvua au si mvua.

Tuje kwa waliolipa. Tiketi za kingo za chini ziliuzwa kuanzia euro 90 hadi euro 2,700, kwa watu wapatao 104,000, na wengine 222,000 walipangiwa kingo za juu bila malipo. Kwa bei hiyo mtu alipata nini? Boti zilizopita mbele yake, onyesho moja au mawili yaliyoangukia eneo lake, na yote yaliyobaki kwenye skrini kubwa, bila paa juu ya kichwa. Mwenye tiketi ya uwanjani huona kila kitu hata akiwa amekaa pabaya. Huku, aliyekaa karibu na Austerlitz hakuweza kuuona moto ukiwashwa isipokuwa kwenye skrini ile ile ambayo jirani yake aliyebaki nyumbani alikuwa nayo, tena nyumbani palikuwa pakavu. Haishangazi kwamba wengi walianza kuondoka kabla ya mwisho.

Lady Gaga naye. Kipande chake cha manyoya ya waridi kwenye ngazi za kando ya mto kilikuwa kati ya vya mwanzo na vilivyopendwa zaidi na watu wa runinga, lakini kilikuwa kimerekodiwa mapema siku hiyo kwa kuhofia utelezi. Uamuzi wa kurekodi ulikuwa sahihi: viatu virefu, ngazi za mawe na maji havipatani. Kosa lilikuwa kutomwambia mtazamaji pale pale. Mambo haya hayakuanzia Paris. Beijing 2008, sehemu ya fataki zenye umbo la nyayo zilizoonekana kwenye runinga ilitengenezwa kwa kompyuta. Sochi 2014, duara moja kati ya matano lilikataa kufunguka, na runinga ya Urusi ikawaonyesha watu wake picha za mazoezi ambamo yote matano yalifunguka, wakati dunia nzima ikiangalia manne. Kwenye sherehe ya kufunga Warusi wenyewe wakaligeuza kichekesho, na hapo wakasamehewa. Mtazamaji huvumilia hitilafu kuliko anavyovumilia kufichwa.

Sasa ile meza.

Ubishi mkubwa kuliko yote ulitoka kwenye sehemu iliyochezwa juu ya daraja la miguu la Debilly, na ukitaka kuuelewa inabidi uangalie ufundi wa picha kabla ya kuangalia theolojia. Daraja liligeuzwa jukwaa refu la maonyesho ya mitindo. Nyuma ya jukwaa hilo walijipanga wasanii, baadhi yao wanaume waliovaa na kujipamba kike, na katikati alisimama mwanamke mchezesha muziki mwenye taji lililong'aa kama miale. Kamera ikawekwa usawa wa macho, katikati kabisa, ikawachukua wote kwa mstari mmoja. Meza ndefu, watu upande mmoja tu, wa kati ana miale kichwani: mtu yeyote aliyekulia nyumba yenye picha ya Karamu ya Mwisho ukutani, na nyumba hizo ni nyingi kuanzia Kilimanjaro hadi Kivu, hakuhitaji kuelezwa anafikiria nini. Baadaye sana kikafunuliwa chano, na ndani yake amelala Philippe Katerine, amepakwa rangi ya buluu, mzabibu mwilini. Huyo ni Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki wa kale. Kwa aliyetazama mfululizo, dokezo la karamu ya miungu ya Olympus lilifika, ingawa limechelewa. Kwa aliyetumiwa picha mnato moja kwenye WhatsApp, halikufika kamwe.

Baraza la maaskofu wa Ufaransa lililalamika, baadaye Vatikani nayo ikasema imehuzunishwa. Jolly alisema hakukusudia Karamu ya Mwisho bali sherehe ya kipagani inayohusiana na miungu ya Olympus, na waandaaji wakaomba radhi kwa waliokwazika. Wataalamu wa sanaa wakataja mchoro wa Jan van Bijlert wa karamu ya miungu, uliopo Dijon, ambao una meza, mungu mwenye miale katikati na mlevi amelala mbele. Utetezi huo una mashiko, lakini una tundu: mchoro wa Dijon unajulikana na wachache, Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci inajulikana na kila mtu. Mwongozaji anayerusha picha kwa dunia nzima anapaswa kujua ni picha ipi iko kichwani mwa dunia. Kumwingiza Dionysus kwanza, au kuchukua tukio kwa pembeni, kungetosha kuuzima moto huo kabla haujawaka. Upande wa pili, baadhi ya walioitwa wakosoaji walivuka mpaka mbali sana. Jolly na yule mchezesha muziki walitukanwa na kutishiwa mpaka wakapeleka malalamiko kwa vyombo vya sheria, na jambo hilo halina pembe ya kamera inayoweza kulitetea.

Farasi alifuata mkondo ule ule. Farasi wa chuma, na mpandaji aliyevaa fedha, akateleza juu ya maji gizani akiwa na bendera ya Olimpiki. Kwa macho ya sanaa ilikuwa picha nzuri kuliko zote za usiku ule. Msomaji wa Ufunuo sura ya 6, aliyekwisha kukasirishwa na meza, alimwona farasi wa rangi ya kijivujivu, na anajua jina la aliyempanda: Mauti. Picha moja ikishasomwa vibaya, zinazofuata husomwa kwa miwani hiyo hiyo. Kosa lake farasi lilikuwa jingine: alichukua muda mrefu mno. Mbio zile zingekatwa nusu, hakuna ambaye angedai chenji.

Makosa ya kiutendaji yalikuwa mawili makubwa, na ni ya kizembe. Timu ya Korea Kusini ilipopita, mtangazaji aliitambulisha kwa jina rasmi la Korea Kaskazini, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliomba radhi, na rais wake wa wakati huo, Thomas Bach, akampigia simu rais wa Korea Kusini. Majina rasmi ya nchi hizo mbili yanakaribiana, yote yana neno Korea na neno jamhuri, na tiba yake ni ya bei nafuu: karatasi ya mtangazaji iwe na bendera pembeni ya kila jina, na mtu wa pili ahakiki kabla ya kipaza sauti kufunguliwa. La pili: bendera ya Olimpiki ilipandishwa kichwa chini pale Trocadéro, mkabala na Mnara wa Eiffel. Ilivyo sahihi ni duara tatu juu, buluu, nyeusi na nyekundu, na mbili chini, njano na kijani. Pale juu zilionekana mbili. Sherehe ya saa nne inaweza kusamehewa mambo mengi, ila bendera ni kitu kimoja ambacho kiko kwenye ratiba ya kila ufunguzi.

Kuhusu sauti, ieleweke kwamba picha ilikuwa moja kwa dunia nzima, ikitengenezwa na Olympic Broadcasting Services. Kila kituo huongeza watangazaji wake juu yake. Ndiyo maana Mmarekani aliyelalamika kwamba watangazaji wa NBC wanaongea juu ya muziki, na mtu wa Ulaya aliyesifu muziki ule ule, hawakuwa wakipingana. Hata kwa kelele hizo NBC ilitangaza watazamaji milioni 28.6, wengi kuliko ufunguzi wowote wa kiangazi tangu London 2012. Ufaransa kwenyewe sherehe ilipokelewa kwa mapenzi makubwa, na hapo tuseme tu kwamba mcheza kwao hutunzwa.

Na alistahili kutunzwa, kwa sababu palipofanya kazi palifanya kazi kwelikweli. Aya Nakamura, aliyezaliwa Bamako na kushambuliwa kwa miezi na watu wasiotaka aimbe kwa jina la Ufaransa, alitoka mbele ya jumba la Académie française, walinzi wa Kifaransa cha sanifu, akaimba Kifaransa chake cha mitaani huku bendi ya kijeshi ya Garde républicaine ikimzunguka na hatimaye ikicheza naye. Hoja nzima ilielezwa bila neno moja la hotuba. Gojira walipiga muziki wao mzito kwenye madirisha ya Conciergerie, gereza alimofungwa Marie Antoinette kabla ya kukatwa kichwa, akiwepo malkia mwenyewe ameshika kichwa chake mikononi. Wengine walichukizwa, lakini angalau hakuna aliyeuliza maana yake. Sanamu kumi za dhahabu za wanawake ziliibuka majini, akiwemo Alice Milliat, aliyeanzisha michezo ya kimataifa ya wanawake 1922 baada ya kina mama kukataliwa kwenye riadha ya Olimpiki. Hiyo ndiyo sehemu iliyohusu michezo hasa, na ilipewa muda mfupi kuliko farasi.

Dakika za mwisho ndizo bora, na sababu yake inathibitisha tatizo la mwanzo: boti zilikuwa zimeisha. Skrini moja, jambo moja. Zinédine Zidane alimpa mwenge Rafael Nadal, Nadal akapanda boti na Serena Williams, Carl Lewis na Nadia Comăneci, mto ukawa mweusi na kimya. Charles Coste, bingwa wa baiskeli wa 1948 mwenye umri wa miaka 100, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliukabidhi mwenge kwa mkimbiaji Marie-José Pérec na mwanajudo Teddy Riner. Wakakiwasha kinara chenye umbo la duara la mita 7 chini ya puto, kikapaa juu ya bustani ya Tuileries. Kitu cha kujua: ndimi zile za moto hazikuwa moto. Ni ukungu wa maji uliotoka kwenye pua 200 za kupulizia na kumulikwa na taa 40 za LED, kazi ya mbunifu Mathieu Lehanneur. Hakuna gesi iliyoungua. Halafu Céline Dion akatokea kwenye Mnara wa Eiffel, mara ya kwanza kuonekana akiimba mbele ya umma tangu atangaze 2022 kwamba ana ugonjwa unaokaza misuli. Hata waliokuwa wamekasirika tangu kwenye meza walinyamaza.

Alama zetu: kwa mtazamaji wa runinga, 7 kati ya 10. Kwa aliyelipa euro 2,700, 4. Kwa nchi zenye wanamichezo chini ya kumi, 3.

Ukitaka kuitazama kwa marudio, usianze mwanzo hadi mwisho. Tazama Nakamura, Gojira, kisha ruka hadi Zidane anaporudi na mwenge, uache ikimbie hadi mwisho. Kwa intaneti, picha ya kiwango cha juu hula takriban gigabaiti 3 kwa saa, kwa hiyo saa nne ni kama 12. Kiwango cha kawaida hula chini ya gigabaiti 1 kwa saa, lakini kwa mvua ile utaona miraba. Kwenye runinga zima kile kipengele cha kulainisha mwendo wa picha, maana juu ya maji kinafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Kama kisimbuzi chako kina chaguo la sauti ya uwanjani bila watangazaji, lichague.

Los Angeles itafungua Julai 14, 2028, nayo imeamua kutumia viwanja viwili kwa mpigo, Memorial Coliseum na ule wa SoFi ulioko Inglewood. Yaani shida ya Paris, skrini moja na mambo mawili, inarudi ikiwa na paa. Jiji hilo liko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10. Jambo likianza saa kumi na moja jioni kwao, kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo mwenye kibanda umiza aanze kufikiria kuuza uji badala ya soda.